Unene wa Nyuzi za Gitaa la Umeme: Mkono Kwanza, Sauti Baadaye

Wiki chache kabla ya Pasaka, kijana mmoja anayepiga gitaa la solo katika bendi ya kanisa mtaani Kondele, hapa Kisumu, aliniletea gitaa lake likiwa limefungwa ndani ya leso ya mamake. Alikuwa ametoa nyuzi za seti ya tisa alizozizoea na kufunga za kumi na moja, kwa sababu mpigaji mwenzake alimhakikishia kwamba nyuzi nene ndizo zenye sauti nzito. Nilipolilaza gitaa mezani niliona kwamba briji yake, yaani kile chuma kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ambayo hushikiliwa na springi, ilikuwa imevutwa ikainama mbele, na nyuzi zilikuwa zimepanda juu ya freti ya 12, mojawapo ya vile vyuma vilivyokingama shingoni, kiasi cha milimita 3 na ushei, ilhali kwa gitaa kama lile milimita 2 zingetosha. Uzi wa tatu ulikuwa umebana kwenye nati, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifuo sita kinachotenganisha shingo na kichwa, hivi kwamba kila nilipozungusha kigingi uzi ulikaa kimya, kisha ukaruka ghafla kwa mlio mdogo. Vidole vya kijana mwenyewe vilikuwa na malengelenge juu ya ngozi iliyokwisha kuota sugu.

“Mwalimu,” akaniambia, “sauti haijawa nzito. Imekuwa ngumu tu.”

Maneno hayo yalikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Unene wa uzi hubadilisha nguvu kwanza, na sauti baadaye. Tena sehemu kubwa ya mabadiliko ya sauti ambayo watu huyasikia hupitia mkononi mwa mpigaji kabla ya kufika kwenye amplifaya. Asiyeyatenganisha mambo haya mawili atabadilisha seti mwaka hadi mwaka akitafuta sauti ambayo haimo ndani ya pakiti. Naomba tuyafungue polepole, kwa sababu hesabu zake si ngumu, na ukishazielewa utaweza kujichagulia nyuzi bila kutegemea uvumi.

Tuanze na majina. Tunaposema seti ya tisa, ya kumi au ya kumi na moja, tunautaja unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa kipimo cha sehemu za elfu za inchi. Uzi wa tisa una kipenyo cha takriban milimita 0.23, wa kumi milimita 0.25, na wa kumi na moja milimita 0.28. Seti ya kumi iliyozoeleka huanzia 10 na kuishia 46, ambao ni uzi wa sita; ya tisa huanzia 9 hadi 42. Ukizishika nyuzi hizo mbili za kwanza kwa vidole, tofauti huioni. Niliwahi kununua uzi mmojammoja katika duka fulani, muuzaji akiniapia kwamba ni wa tisa, na nilipoufunga nikahisi gitaa limekuwa geni. Nilikwenda kwa fundi wa injini kule Kibuye, nikamwomba mikrometa yake, akaufuta uzi kwa kitambaa, akaubana taratibu katikati ya zile taya mbili za chuma na kunisomea 0.28. Ulikuwa wa kumi na moja. Jicho langu halikuiona tofauti ile ya sehemu tano za mia za milimita, lakini kidole kiliijua katika nusu dakika.

Kidole kiliijua kwa sababu ya mkazo. Mwaka 1636 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni zinazounganisha mambo manne: urefu wa uzi, uzito wake kwa kila kipande cha urefu, mkazo wake, na idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo ndiyo masikio yetu huisikia kama sauti ya juu au ya chini. Kanuni hizo zinatuambia kwamba urefu na sauti vikibaki vilevile, mkazo unaohitajika hupanda sambamba na uzito wa uzi. Na uzito wa waya wa chuma haufuati kipenyo, bali mraba wa kipenyo. Ukiongeza kipenyo maradufu, uzito huwa mara nne, na itakulazimu ukaze mara nne ili upate sauti ileile. Ndiyo maana hatua inayoonekana ndogo kwenye pakiti huwa kubwa shingoni. Katika gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa milimita 648, uzi wa kwanza ukipandishwa hadi E, yaani takriban mitetemo 330 kwa sekunde, ule wa tisa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 6, wa kumi kilo 7.4, na wa kumi na moja karibu kilo 9. Kutoka tisa hadi kumi na moja mkazo umeongezeka kwa karibu nusu.

Jumlisha nyuzi zote sita. Seti ya tisa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 39, ya kumi kwa karibu kilo 47, na ya kumi na moja hupita kilo 50. Mfuko wa saruji una kilo 50. Hebu fikiria shingo ya mbao iliyokuwa imezoea mzigo fulani, mara inaongezewa kilo 15 kwa siku moja: itajipinda kuelekea upande wa nyuzi, na nyuzi zitapanda juu ya freti. Kama briji ni ya springi, springi zitashindwa na briji itainama. Kama mifuo ya nati ilichongwa kwa ajili ya nyuzi nyembamba, nyuzi nene zitabana. Gitaa la kijana wa Kondele lilipata yote matatu kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hajajua kama nyuzi nene zinamfaa au hazimfai, alikuwa akipambana na gitaa lisilorekebishwa, na ugumu aliousikia haukuwa wa unene peke yake.

Urefu wa gitaa lenyewe pia una neno lake, na mara nyingi husahaulika. Magitaa ya mtindo wa Fender Stratocaster huwa na nyuzi za urefu wa milimita 648 kutoka nati hadi briji. Yale ya mtindo wa Gibson Les Paul yana takriban milimita 628. Milimita 20 si kitu kwa macho, lakini kwa kuwa urefu nao huingia katika hesabu kwa mraba wake, mkazo hupungua kwa karibu asilimia 6. Uzi wa kumi kwenye Les Paul huvuta kilo 7 hivi, yaani unakaa kati ya wa tisa na wa kumi wa Stratocaster. Mtu aliyezoea gitaa moja akaazima la pili, huku lebo za nyuzi zikiwa sawa, atahisi tofauti na kudhani ameuziwa bandia.

Sasa tuje kwenye kupinda uzi, maana hapo ndipo wapigaji wengi huamua. Ukitaka kupandisha sauti kwa toni nzima kwa kuusukuma uzi pembeni, ni lazima uongeze mkazo wake kwa takriban asilimia 26. Uzi wa tisa uliokuwa na kilo 6 unafika kilo 7.5. Yaani uzi wa tisa ukishapindwa toni nzima ndio unaufikia mkazo ambao uzi wa kumi unao ukiwa umetulia bila kuguswa. Wapigaji wa nyimbo za bluzi na roki wa Marekani waliing'amua tofauti hii mapema. Mwanzoni seti za kawaida zilikuwa na uzi wa kwanza wa 12 au zaidi, na wengine walikuwa wakitoa uzi wa kwanza wa banjo na kuufunga kwenye gitaa ili waweze kupinda. Mwaka 1962 Ernie Ball, mwenye duka la magitaa huko California, akaanza kuuza seti nyepesi alizoziita Slinky, na tangu hapo unene ambao leo tunauona wa kawaida ukawa wa kawaida kweli.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwashangaza hata wapigaji wa miaka mingi. Uzi mtupu, yaani usiozungushiwa waya, ulio mnene, na uzi mtupu mwembamba wa chuma kilekile, vikikazwa hadi sauti ileile kwenye gitaa lilelile, vina mvutano sawa kwa kila milimita ya mraba ya chuma. Mnene huvuta zaidi kwa jumla, lakini pia una chuma zaidi cha kuubeba mvutano huo. Matokeo yake ni kwamba umbali wa kuusukuma uzi ili upande toni moja hautofautiani kwa unene. Kinachotofautiana ni nguvu. Na pia uzi mwembamba haukaribii kukatika kuliko mnene kwa sababu ya sauti uliyoufikisha: uzi wa kwanza wa gitaa, uwe wa tisa au wa kumi na moja, hukaa karibu nusu ya uwezo wa chuma chake.

Kwa nini basi nyembamba hukatika mara nyingi zaidi? Kwa sababu ya majeraha. Kutu na jasho hula chuma kutoka nje, na vikila tabaka lilelile kutoka uzi wa 0.23 na uzi wa 0.28, wa kwanza umepoteza sehemu kubwa zaidi ya mwili wake. Vilevile kona kali ya briji au freti iliyochakaa ikichimba alama ndogo, alama hiyo ni jeraha kubwa kwa uzi mdogo. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, ambako hewa ya alfajiri huacha unyevu hata kwenye kufuli za milango, tunapaswa kulizingatia hili. Nawasihi wapigaji wote wafute nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kila wanapomaliza kupiga. Ni sekunde 20 za kazi.

Uzi wa tatu unastahili nafasi yake, kwa sababu ndio unaolalamikiwa kuliko wote. Wapigaji wa ridhimu huniambia, “Nimeutyuni vizuri, lakini nikishika kodi hausikiki sawa.” Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na hawakosei. Katika seti za kumi uzi wa tatu ni mtupu, wenye unene wa 17, na hukazwa hadi G, sauti iliyo chini sana ya E ya uzi wa kwanza. Kwa kuwa sauti ni ya chini, mvutano wake kwa kila milimita ya mraba ni kama theluthi moja tu ya ule wa uzi wa kwanza. Uzi uliolegea kiasi hicho hubadilika sana kwa mguso mdogo: ukiubonyeza kidole kikizama kati ya freti mbili, urefu wake huongezeka kidogo mno, lakini ongezeko hilo ni kubwa likilinganishwa na mvutano mdogo uliokuwepo, na sauti hupanda. Uzi wa kwanza ungebonyezwa vivyo hivyo, usingesogea kiasi hicho.

Nyuzi za nne, tano na sita hazina tatizo hilo ingawa zina sauti za chini zaidi, na sababu yake ni ya ujanja. Nyuzi hizo zina kiini chembamba cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine. Waya wa nje huongeza uzito ili sauti iwe ya chini, lakini hauubebi mkazo. Mkazo wote umo katika kiini chembamba, ambacho kwa hiyo kimekazwa sawasawa. Zile seti nzito za zamani zilizungushia waya hata uzi wa tatu, na kodi zake zilikuwa zikisimama wima, isipokuwa uzi huo haupindiki kwa urahisi. Hivyo anayepiga kodi tu, hasa kwa mkono mzito, ana sababu nzuri ya kutafuta uzi wa tatu uliozungushiwa waya, na anayepinda ana sababu nzuri ya kuuepuka. Na kuna masalio ya zamani hizo yanayoonekana hadi leo: baadhi ya pikapu za Stratocaster, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zina nguzo ya sumaku ya uzi wa tatu iliyochomoza juu kuliko nyingine, kwa kuwa zilibuniwa wakati uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya na una sauti hafifu kwenye pikapu. Funga uzi mtupu juu ya nguzo ile, nao utapiga kelele kuliko majirani zake.

Hilo linatuleta kwenye pikapu, na kwenye swali la kijana wangu: je, nyuzi nene zina sauti nzito? Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huuvuruga uga wa sumaku, na uga ukivurugika umeme huzaliwa ndani ya shaba, kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831. Ndiyo sababu gitaa la umeme haliwezi kufungwa nyuzi za nailoni kama zile za kamba ya kuvulia samaki ambazo wapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, wa siku hizi huzifunga; sikio lingezisikia, lakini pikapu ingekuwa kiziwi. Chuma kingi zaidi huvuruga uga zaidi. Kufikia hapo, mpigaji mwenzake na kijana wa Kondele alikuwa sahihi.

Lakini hakumaliza hesabu. Uzi mnene una mkazo mkubwa, na ukiupiga kwa nguvu ileile hausogei mbali kama mwembamba. Uzi wa tisa, kwa pigo lilelile, huyumba karibu mara moja na nusu ya ule wa kumi na moja. Kwa hiyo wa kumi na moja una chuma zaidi lakini unasogea kidogo, na wa tisa una chuma kidogo lakini unasogea zaidi, na mambo haya mawili kwa kiasi kikubwa hufutana. Uzi mnene hutoa sauti kubwa pale tu ambapo mpigaji ameupiga kwa nguvu zaidi, na fadhila yake ya kweli ni kwamba unamruhusu afanye hivyo bila kugonga freti na bila sauti kuruka juu mwanzoni mwa pigo. Mwembamba ukipigwa vikali huyumba hadi unagusa freti na kukwaruza, na katika nukta ya kwanza ya pigo sauti yake huwa juu kidogo kabla haijatulia. Ukiwa na mkono mwepesi, huenda usiipate kabisa ile faida ya unene uliyoilipia kwa malengelenge.

Kuna tofauti ya sauti isiyopitia mkononi, nayo ni ya ukakamavu. Waya mnene haujikunji kwa urahisi, na sauti ndogo za juu zinazoandamana na sauti ya msingi hupanda kidogo kuliko mahali pake na hufifia mapema. Ndiyo maana uzi mwembamba husikika mkali na wenye mng'ao, na mnene husikika wa mviringo na wenye kifua. Tofauti hiyo ipo. Naisikia. Lakini kwa maoni yangu, mzunguko mdogo wa kitufe cha toni kwenye gitaa, au kuisogeza pleki, kile kipande kidogo cha kudonolea nyuzi, sentimita 3 kutoka kwenye briji kuelekea shingoni, huibadilisha sauti zaidi ya hatua moja ya unene.

Anayetaka ushahidi na awatazame wapigaji wa Texas. Stevie Ray Vaughan alijulikana kwa uzi wa kwanza wa 13, akiushusha nusu toni ili mkono uuweze, na sauti yake ilikuwa pana. Billy Gibbons wa ZZ Top, wa jimbo lilelile, amepiga miaka mingi na uzi wa kwanza wa 7, na hakuna anayeiita sauti yake nyembamba. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba ni B.B. King aliyemshauri aachane na nyuzi nzito. Kuna pia Tony Iommi wa Black Sabbath, Mwingereza wa Birmingham, aliyepoteza ncha za vidole viwili kwenye mashine ya kiwandani mwaka 1965 akiwa na miaka 17. Alilazimika kutumia nyuzi nyepesi sana, baadaye akazilegeza hata zaidi, na kutokana na mkono ule uliojeruhiwa ikatoka sauti ambayo wapenzi wa roki huihesabu miongoni mwa nzito kuliko zote. Uzito ule ulitoka kwenye amplifaya, kwenye sauti zilizoshushwa, na kwenye namna alivyozipiga.

Turudi nyumbani, kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa kuhusu nyuzi umetokana na bluzi na roki, na mkono wa Magharibi ya Kenya haufanyi kazi zilezile. Gitaa la solo la benga, katika mtindo ambao bendi kama Shirati Jazz na Victoria Jazz ziliueneza, halitegemei kupinda uzi. Hutegemea noti mojamoja zinazodondolewa kwa kasi kubwa, nyingi zikiwa juu ya shingo, zikijibizana na besi kama vile vidole vya mpiga nyatiti vinavyojibizana juu ya nyuzi zake nane. Katika kazi hiyo pleki hurudi kwenye uzi uleule mara nyingi ndani ya sekunde moja, na uzi ukiwa mlegevu pleki huukuta bado unayumba kwa pana, na noti inayofuata inatoka na ukungu. Uzi wenye mkazo wa kutosha hurudi haraka na kuisukuma pleki. Juu ya shingo hali hubadilika tena: sehemu inayotetemeka ni fupi, mkazo ni uleule, na kwa hiyo uzi huhisika mgumu kuliko ulivyokuwa karibu na nati. Kapo, yaani kibano kinachofungwa shingoni juu ya nyuzi, huleta hali hiyohiyo. Haibadilishi mkazo kwa kiasi cha kutajwa, bali hufupisha uzi.

Jaduong' mmoja, yaani mzee, wa Ahero, aliyepiga benga tangu ujana wake na ambaye mikono yake bado ina kasi, aliwahi kunikabidhi gitaa lake nikiwa sijamuuliza kitu. “Piga hapa,” akaniambia, akinionyesha freti ya 12 hadi ya 17. Nilipiga. Nyuzi tatu za sauti ya chini zilikuwa nyepesi kiasi, na nyuzi tatu za sauti ya juu zilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, lakini zilikuwa zimeshushwa karibu na freti kiasi kwamba kidole hakikuwa na safari ya kwenda. Ndipo nilipoelewa kwamba ugumu wa uzi na kimo cha uzi ni vitu viwili, na wengi wetu tunavichanganya. Uzi wa kumi uliokaa chini ni mwepesi kwa kidole kuliko wa tisa ulioachwa juu. Na kwa kuwa uzi wenye mkazo mkubwa huyumba kidogo, ndio unaoweza kushushwa chini bila kukwaruza. Jaduong' hakuwa na mikrometa wala hesabu ya Mersenne, lakini alikuwa ameufikia uwiano huo kwa kusikiliza.

Kwa wale wanaodonoa kwa kidole cha shahada na gumba, katika mtindo wa omutibo uliojulikana sana kupitia mpiga gitaa George Mukabi, hesabu ni nyingine. Omutibo ulizaliwa kwenye gitaa kavu, ambalo nyuzi zake lazima zitikise ubao ili zisikike, na hapo unene una kazi halisi ya sauti kwa sababu hakuna umeme wa kusaidia. Mpigaji wa omutibo anapohamia gitaa la umeme na kufunga nyuzi nene kwa mazoea, anaubeba mzigo ambao pikapu imeshamtua. Bado anaweza kuupenda ugumu ule kwa ajili ya gumba lake linalopiga besi, na hapo dawa ni seti ya mseto, yenye nyuzi nyembamba juu na nene chini, kama ile inayoanzia 9 na kuishia 46.

Hiyo ndiyo niliyomfungia kijana wa Kondele. Nilimuuliza maswali machache kwanza: je, hupinda uzi kanisani? Mara chache, akasema, wakati wa kuabudu. Je, bendi hushusha sauti kwa ajili ya waimbaji? Ndiyo, nusu toni, kwa nyimbo nyingi. Jibu la pili ndilo lililoamua nyuzi za chini, kwa sababu kushusha nusu toni hupunguza mkazo kwa karibu asilimia 11, na uzi wa sita wa 42 ukishushwa hivyo huanza kulegea chini ya pleki. Wa 46, katika hali hiyohiyo, hubaki na mshiko.

Kisha ikafuata kazi ambayo haiko kwenye pakiti. Niliisawazisha briji kwa kurekebisha springi za nyuma hadi ikalala sambamba na mwili. Mfuo wa uzi wa tatu ulikuwa umechanika ukingoni kwa kulazimishwa, nikaulainisha kwa msasa mwembamba uliokunjwa, kisha nikapaka unga wa penseli katika mifuo yote sita. Nililegeza kidogo fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo ya mzunguko, kwa sababu mzigo ulikuwa umepungua na shingo ilitaka kurudi nyuma. Nikaliacha mezani usiku kucha. Mbao haziamriwi kwa haraka. Asubuhi niliubonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikatazama nafasi iliyobaki katikati, ikawa inatosha kupitisha kadi ya simu. Nikazisogeza tandiko za briji, yaani vijipande vinavyoubeba kila uzi, mpaka sauti ya freti ya 12 ikalingana na ile ya nusu ya uzi usiobonyezwa, moja baada ya nyingine, na uzi wa tatu ukanichukua muda mrefu kuliko nyuzi nyingine tano.

Alipokuja kulichukua, hakuliunganisha na amplifaya kwanza. Alikaa kwenye kiti, akapiga ile mistari yake ya solo bila umeme, polepole halafu kwa kasi, akitazama vidole vyake vilivyoanza kupona. Kisha akaomba waya wa kuunganisha.